Uingereza ilifuta wizara yake ya tabianchi mwaka 2016. Mbona makaa ya mawe hayakurudi?

Tarehe 14 Julai 2016, siku moja tu baada ya Theresa May kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, wizara nzima ilifutwa. Ilikuwa inaitwa Wizara ya Nishati na Mabadiliko ya Tabianchi, na kwa kifupi cha Kiingereza wenyewe waliiita DECC. Ilikuwa haijafikisha hata miaka minane. Watumishi wake wakahamishiwa wizara mpya ya biashara, nishati na mkakati wa viwanda, na neno "tabianchi" likaondoka kwenye kibao cha mlangoni. Watu wa mazingira walipiga kelele sana wiki ile. Walisema serikali imetoa ishara mbaya kwa dunia.

Sasa angalia takwimu. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yanazalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Mwaka 2016, wizara inafutwa, yalikuwa yameshuka hadi asilimia 9 hivi. Ungetegemea baada ya hapo mambo yarudi nyuma, au angalau yasimame. Hayakusimama. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa moja kwa moja. Nchi iliyojenga kituo cha kwanza cha umeme wa makaa kwa ajili ya umma, pale London mwaka 1882, ikawa haina hata kimoja.

Kwa hiyo swali ni hili: wizara ya tabianchi na nishati inafanya kazi gani hasa, kama ukiifuta kazi inaendelea? Nimelichagua swali hili kwa sababu hata hapa kwetu utasikia watu wakisema, kwenye semina na hata vijiweni, kwamba tatizo letu ni kukosa wizara moja ya mambo haya. Uingereza walijaribu, wakafuta, wakaunda tena. Ni kama jaribio la maabara ambalo mtu mwingine amelilipia.

Mafaili mawili, nyumba mbili

Kabla ya Oktoba 2008, sera ya nishati ya Uingereza ilikuwa chini ya wizara ya biashara. Sera ya tabianchi ilikuwa chini ya wizara ya mazingira, chakula na maendeleo ya vijijini. Mpangilio huo hauna ubaya ukiuangalia kwenye karatasi. Shida inaonekana pale jambo moja linapogusa mafaili yote mawili.

Jambo lenyewe lilikuwa Kingsnorth, katika mkoa wa Kent. Kampuni ya Kijerumani ya E.ON iliomba kujenga pale mtambo mpya wa makaa ya mawe wenye megawati 1,600 hivi, wa kwanza wa aina yake nchini baada ya zaidi ya miongo miwili. Ukiwa mtumishi wa wizara ya biashara, unaona mitambo ya zamani inaelekea kustaafu, taa zisije zikazima, bei isipande, kwa hiyo mtambo mpya ni habari njema. Ukiwa mtumishi wa wizara ya mazingira, unajua mtambo kama huo ukishajengwa unakaa miaka 40, na kila mwaka unamwaga mamilioni ya tani za hewa ukaa. Wote wawili wako sahihi kwa faili lililo mbele yao. Hakuna mwenye kazi ya kusoma mafaili yote mawili kwa pamoja isipokuwa Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu ana mambo mia mengine. Agosti 2008 waandamanaji wakapiga kambi karibu na mtambo.

Tarehe 3 Oktoba 2008 Gordon Brown akaunda DECC na kumpa Ed Miliband, kijana wa miaka 38 wakati ule. Aprili 2009 Miliband akatangaza kwamba hakuna mtambo mpya wa makaa utakaoruhusiwa bila teknolojia ya kunasa hewa ukaa, walau kwa sehemu ya moshi wake. Oktoba mwaka huohuo E.ON wakaahirisha mradi, na haukujengwa kamwe. Tuwe wakweli lakini: wenyewe walitaja mdororo wa uchumi kuwa sababu, maana mahitaji ya umeme yalikuwa yameshuka. Siwezi kuwapa DECC sifa yote. Ninachoona ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu mmoja alilazimika kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja: bili itakuwa kiasi gani, na moshi utakuwa kiasi gani.

Kuna kitu walichokiacha nje, na nitakirudia mbele. Waliunganisha upande wa kupunguza gesijoto tu. Upande wa kuhimili, yaani mafuriko, kilimo, maji, ulibaki wizara ya mazingira.

Sheria yenye kalenda

Chini ya miezi miwili baada ya wizara kuzaliwa, tarehe 26 Novemba 2008, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ikaidhinishwa. Lengo la awali kwenye muswada lilikuwa kupunguza gesijoto kwa asilimia 60 ifikapo 2050 ukilinganisha na 1990. Miliband, akiwa na siku 13 tu ofisini, alitangaza kulipandisha hadi asilimia 80 baada ya ushauri wa kamati ya wataalamu. Wabunge waliopiga kura ya kupinga hawakufika kumi.

Lengo la mwaka 2050 peke yake halina maana sana. Mwanasiasa yeyote anaweza kuahidi kitu kitakachotokea yeye akiwa ameshastaafu. Kilichoifanya sheria hii iwe tofauti ni bajeti za kaboni. Serikali inalazimika kuweka kikomo cha jumla ya gesijoto kwa kila kipindi cha miaka mitano, na kikomo hicho kinapangwa miaka mingi kabla. Bajeti ya kwanza, ya 2008 hadi 2012, ilikuwa tani milioni 3,018.

Kwa nini jumla ya miaka mitano na si kiwango cha mwaka wa mwisho? Hapa kuna sayansi kidogo. Hewa ukaa haipotei haraka angani. Sehemu kubwa yake inakaa kwa karne na zaidi. Kwa hiyo joto la dunia linategemea jumla ya tulichomwaga tangu mwanzo, halitegemei tulichomwaga mwaka huu peke yake. Fikiria ndoo iliyo chini ya bomba. Ukiniambia "saa kumi jioni nitafunga bomba", sijui bado kama ndoo itafurika, mpaka uniambie maji yatakuwa yanatiririka kwa kasi gani kutoka sasa hadi saa kumi. Bajeti ya kaboni inapima maji yote ya kwenye ndoo. Ukijificha kwa kuchelewa kufunga, hesabu inakukamata.

Na sheria ina meno. Julai 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa serikali wa kufikia bajeti hizo haukidhi sheria, kwa sababu haukuonyesha vya kutosha jinsi hatua zitakavyofikisha tani zinazotakiwa. Mashirika ya mazingira ndiyo yaliyoshtaki. Serikali ikaandika mpango mwingine, na Mei 2024 ikashindwa tena mahakamani. Wakati huo DECC ilikuwa imeshafutwa miaka mingi. Walioshindwa walikuwa warithi wake.

Ndani ya wizara: nyuklia iliyozeeka na mwanafizikia mmoja

Ukidhani wizara ya tabianchi inatumia fedha zake kwenye paneli za jua na mabango ya dubu, utashangaa. Zaidi ya nusu ya bajeti ya DECC ilikuwa inakwenda kwenye mamlaka inayobomoa na kusafisha mitambo ya zamani ya nyuklia, hasa Sellafield, huko pwani ya kaskazini-magharibi ya England. Ni taka za miaka ya 1950 na kuendelea, na kazi yenyewe itachukua vizazi. Kwa lugha nyingine, wizara ya nishati ya kesho ilikuwa inalipa zaidi kwa ajili ya nishati ya jana. Ningependa wanaopanga nyuklia popote duniani waandike gharama hiyo ukurasa wa kwanza.

Mtu wa kukumbukwa ndani ya wizara ile ni David MacKay, mwanafizikia wa Cambridge. Alikuwa mshauri mkuu wa kisayansi wa DECC kuanzia 2009 hadi 2014. Kabla ya hapo aliandika kitabu cha hesabu za nishati na kukiweka bure mtandaoni. Mbinu yake ilikuwa rahisi sana: kila kitu kipimwe kwa kilowati-saa kwa mtu kwa siku. Kilowati-saa ni ile "uniti" unayonunua kwenye LUKU.

Chukua mfano wake wa chaja ya simu. Watu wengi wanaambiwa wachomoe chaja ukutani ili kuokoa dunia. Chaja iliyochomekwa bila simu inakula kama nusu wati. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 12, yaani kama asilimia moja ya uniti. Gari la kawaida linaloendeshwa kwa kilomita 50 kwa saa linachoma nishati kwa kasi ya kilowati 40 hivi. Gawanya, utaona kwamba akiba yote ya siku nzima ya kuchomoa chaja inaliwa na gari kwa sekunde moja. Hajasema usichomoe chaja. Anasema usijipongeze halafu ukaingia kwenye gari.

MacKay alisimamia pia kikokotoo cha 2050, kilichowekwa wazi mwaka 2010. Mtu yeyote anaweza kukifungua, akachagua kiasi cha upepo, nyuklia, magari ya umeme, nyama mezani, na kuona kama hesabu za mwaka 2050 zinakaa sawa. Nchi nyingine zikatengeneza za kwao kwa mfano huo, India na Afrika Kusini zikiwemo. Uzuri wake ni kwamba unakunyima nafasi ya kukataa kila kitu. Ukisema hutaki upepo wala nyuklia wala kunasa hewa ukaa, sawa, lakini grafu itakuonyesha umekwama. MacKay alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 48, miezi mitatu kabla ya wizara yake.

Mkataba uliobeba kazi

Tufike sasa kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho urithi mkubwa wa DECC. Sheria ya Nishati ya Desemba 2013 ilianzisha aina ya mkataba ambao kwa Kiswahili nitauita mkataba wa kufidia tofauti ya bei. Usiogope jina, twende taratibu.

Mtambo wa gesi ni rahisi kujenga, lakini kila siku unanunua gesi. Mtambo wa upepo baharini ni kinyume chake: fedha karibu zote zinatoka mwanzoni, halafu upepo ni bure. Maana yake ni kwamba gharama ya umeme wa upepo ni gharama ya mkopo, kwa sehemu kubwa. Tufanye hesabu. Tuseme umekopa shilingi bilioni 100 kujenga, na unalipa kwa miaka 20 kwa awamu zilizo sawa. Kwa riba ya asilimia 10, unalipa kama bilioni 11.7 kila mwaka, jumla bilioni 235. Kwa riba ya asilimia 5, unalipa kama bilioni 8 kila mwaka, jumla bilioni 160. Mtambo ni uleule, upepo ni uleule, mafundi ni walewale. Umeme umekuwa nafuu kwa karibu theluthi kwa sababu tu benki haina wasiwasi.

Benki inakuwa na wasiwasi wa nini? Bei ya umeme sokoni inapanda na kushuka kila nusu saa, na mara nyingi inafuata bei ya gesi. Mwenye benki anajiuliza: gesi ikishuka sana mwaka wa saba, huyu atanilipa na nini? Kwa hiyo anaongeza riba.

Mkataba wa DECC unaondoa swali hilo. Kampuni na chombo cha serikali wanakubaliana bei moja ya kila megawati-saa, yaani kila uniti 1,000. Kwa mitambo ya upepo baharini bei hiyo ilidumu miaka 15, ikipandishwa kulingana na mfumuko wa bei. Soko likiwa chini ya bei ya mkataba, kampuni inafidiwa pengo. Soko likiwa juu, kampuni inarudisha ziada. Fidia hailipwi na kodi, inaingia kwenye bili za wateja wote wa umeme.

Hapa msomaji wa Tanzania atakunja uso, na ana haki. Sisi tukisikia "mkataba wa umeme wa miaka mingi" tunakumbuka IPTL. Mkataba ule wa 1995, wa miaka 20, ulikuwa na malipo ya kuwepo kwa mtambo, yaani TANESCO walidaiwa hata siku ambazo mtambo haukuzalisha. Huu wa Uingereza unalipa kwa umeme uliozalishwa. Feni isipozunguka, hakuna fidia. Tofauti nyingine ni kwamba bei nyingi zilipatikana kwa mnada wa wazi, anayetaka bei ndogo ndiye anayeshinda.

Minada ilileta nini? Nitataja bei za upepo baharini kwa thamani ya paundi za 2012, ndivyo walivyozitangaza. Mwaka 2015 bei za washindi zilikuwa kati ya paundi 114 na 120 kwa megawati-saa. Mwaka 2017 ya chini ikawa 57.50. Mwaka 2022 ikafika 37.35, yaani peni tatu na nusu na ushee kwa uniti. Mapanga yalikuwa yamekuwa makubwa zaidi, meli za ujenzi zimeongezeka, na mabenki yameshazoea. Linganisha na nyuklia ya Hinkley Point C, ambayo haikupitia mnada. Bei yake ilijadiliwa mezani ikawa paundi 92.50, kwa miaka 35. Mkataba wake ulisainiwa Septemba 2016, wizara iliyoujadili ikiwa imeshafutwa.

Kila mwanauchumi wa nishati ana maoni kuhusu Hinkley. Mimi naona tatizo kubwa lilikuwa kukaa mezani na mwombaji mmoja tu.

Wakati bei ya gesi ilipopaa kuanzia mwishoni mwa 2021, ule upande wa pili wa mkataba ulifanya kazi: baadhi ya mitambo ilianza kurudisha fedha. Ila na ujanja ukaonekana. Kulikuwa na kampuni zilizochelewesha kuanza mkataba wao ili ziuze kwanza kwa bei ya soko. Vifungu viliruhusu. Na mwaka 2023 serikali ikaweka bei ya juu ya mnada kuwa paundi 44 wakati chuma na riba vimepanda, matokeo yake hakuna hata kampuni moja ya upepo baharini iliyoleta zabuni. Mwaka uliofuata wakapandisha kikomo hadi 73, na zabuni zikarudi.

Aliyezima makaa hakuwa waziri wa tabianchi

Turudi kwenye ile asilimia 40 iliyoshuka hadi 9 ndani ya miaka minne. Upepo ulisaidia, na kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu moshi mchafu zililazimisha mitambo kadhaa mikongwe kufungwa kufikia mwisho wa 2015. Lakini pigo kubwa lilitoka kwa Wizara ya Fedha, ambayo wenyewe wanaiita Hazina. Aprili 2013 Hazina ilianza kutoza kodi ya kaboni kwa mafuta yanayochomwa kuzalisha umeme, juu ya bei ya soko la kaboni la Ulaya. Kuanzia 2016 hiyo nyongeza ilikuwa paundi 18 kwa tani.

Kwa nini paundi 18 tu ziue makaa? Makaa ya mawe yanatoa takribani tani 0.9 za hewa ukaa kwa kila megawati-saa ya umeme. Gesi inatoa kama 0.4. Kwa hiyo kodi inaongeza paundi 16 kwenye umeme wa makaa, na paundi 7 kwenye wa gesi. Tofauti ni paundi 9. Kwenye soko la umeme, mitambo inapangwa foleni kila nusu saa kuanzia ya bei ndogo. Makaa yalikuwa mbele ya gesi kwa tofauti ndogo tu, hivyo paundi 9 zikatosha kuyarudisha nyuma ya foleni. Mtambo ulio nyuma ya foleni unawashwa saa chache, mapato yanakauka, mwenye nao anaufunga mwenyewe. Hakuna aliyetuma polisi.

Hazina hiyohiyo ilijua pia kuvunja. Tarehe 18 Novemba 2015 Amber Rudd, waziri wa nne na wa mwisho wa DECC, alitangaza kwamba makaa yataondolewa kufikia 2025. Tarehe 25 Novemba, wiki moja baadaye, ikajulikana kwamba paundi bilioni moja zilizotengwa kwa mashindano ya kunasa hewa ukaa zimefutwa kwenye mapitio ya matumizi. Makampuni yalikuwa yameshafanya kazi ya usanifu kwa miaka. Siku tano baadaye mkutano wa Paris ukafunguliwa.

DECC wenyewe walikuwa na aibu zao, tusiwapambe. Mwaka 2013 walianzisha mpango wa mikopo ya kuzibia nyumba baridi isiingie, mkopo ukilipwa kupitia bili. Walitarajia mamilioni ya nyumba. Waliochukua mkopo ni kaya 14,000 hivi. Riba ilikuwa kama asilimia 7, na hakuna mtu anayeamka asubuhi akitamani kukopa ili aweke sufi kwenye ukuta. Wizara ilielewa vizuri sana jinsi riba inavyomuumiza mwenye mtambo wa upepo, ikasahau kwamba mwenye nyumba naye anaijua riba.

Baada ya 2016

Wizara ikafutwa, lakini sheria ya 2008 ikabaki, kamati ya wataalamu ikabaki, mikataba iliyosainiwa ikabaki kwa miaka yake 15, na kodi ya kaboni ikabaki Hazina. Juni 2019 Theresa May, yuleyule aliyefuta wizara, akabadilisha lengo la 2050 kutoka asilimia 80 kuwa sifuri halisi. Februari 2023 Rishi Sunak akaunda tena wizara inayojitegemea, sasa ikiitwa ya Usalama wa Nishati na Sifuri Halisi. Julai 2024 aliyekabidhiwa ofisi hiyo ni Ed Miliband, miaka zaidi ya 15 tangu akae kwenye kiti kama hicho mara ya kwanza.

Kwa hiyo, je, sisi tuunganishe? Kwa Uingereza kulikuwa na mantiki, maana sehemu kubwa ya gesijoto yao ilitoka kwenye kuchoma makaa, gesi na mafuta. Kushika nishati ni kushika karibu tatizo zima. Tanzania hali si hiyo. Umeme wetu mwingi unatokana na maji na gesi asilia, na nishati inayopika chakula kwenye nyumba nyingi haipiti kwenye waya kabisa, ni kuni na mkaa. Na kwetu upande wa kuhimili ukame na mafuriko, ule ambao Waingereza waliuacha nje ya DECC, ni mkubwa kuliko upande wa kupunguza. Kunakili muundo wao maana yake ni kuunganisha vitu ambavyo kwetu havina uzito uleule.

Chukua gunia moja la mkaa, lifuate. Mti uliokatwa ni suala la Maliasili na Utalii, kupitia TFS. Barabarani kuna ushuru wa halmashauri. Kumfanya mama lishe aache mkaa ahamie gesi ni kazi ya Wizara ya Nishati, ambayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Tani za hewa ukaa zitokanazo na gunia hilo zinaripotiwa Umoja wa Mataifa na Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira. Na kama mtungi wa gesi ya kupikia utakuwa nafuu kuliko mkaa au la, hilo linategemea pia maamuzi ya kodi, na maamuzi hayo yanapangwa kila Juni kwenye bajeti ya Wizara ya Fedha.